Moyo: Kawaida

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, lakini pale hospitalini hakuna anayelitumia. Wanamwita Mama Shikilia. Jina hilo alipewa na wagonjwa, na walikuwa na sababu, kwa maana tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni kazi yake ni kuwaambia watu maneno yaleyale kupitia kipaza sauti kidogo: vuta pumzi, shikilia, pumua. Miaka kumi na tisa sasa. Ukimkuta sokoni akichagua nyanya, hakosi mtu wa kumpitia na kumwambia, "Mama, leo naruhusiwa kupumua?" Naye hujibu bila kugeuka, "Pumua tu, baba, mashine nimeizima."

Mashine yenyewe ni ile ya CT, kubwa, ya mviringo, yenye tundu katikati. Mgonjwa hulala chali, kitanda humwingiza tunduni, mashine huvuma na kuzunguka, na upande wa pili wa kioo Mama Shikilia humwona mtu yule kwenye skrini akiwa vipande vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Mapafu yale, ini lile, mifupa ile. Wengi wanaopita pale wana saratani, na wanapigwa picha ili ijulikane imefika wapi.

Sasa elewa jambo moja, maana ndilo lililomtesa mwanamke huyu: yeye hupiga picha, hasomi. Kusoma ni kazi ya daktari, na daktari mwenyewe anakaa ghorofa ya tatu katika chumba chenye mapazia mazito, hashuki. Anasoma picha sitini, sabini kwa siku. Wafanyakazi wengi wa chini hawamjui kwa sura, wanamwita Ghorofani. "Ghorofani kasema hivi." "Ripoti ya Ghorofani bado." Mama Shikilia alipoanza kazi, akiwa msichana bado, Ghorofani alimwambia kwa simu maneno ambayo hajayasahau: "Wewe piga. Mimi nasoma. Tukifuata hivyo hatutagombana." Kweli, hawajagombana.

Lakini mtu aliyepiga picha elfu arobaini na ushee, utamwambia macho yake yasione? Ataona tu. Akishaona, huyameza na kuita, "Anayefuata."

Jambo la pili: Mama Shikilia hakai. Kiti chake mbele ya skrini kipo, kizuri, cha magurudumu, na kinashika vumbi. Anasimama, anazunguka meza, anafungua droo na kuifunga, anakwenda dirishani, anarudi. Wenzake humtania kwamba amemeza sindano. Hakuwa hivyo zamani. Zamani alikuwa mtu wa kuketi na kikombe cha chai mpaka chai ipoe. Hali hii ilimwanza miaka minne iliyopita, alipofiwa na kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi bomba, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa mzima. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Akapata saratani ya tezi, uvimbe shingoni na kwapani, na siku ya picha hakutaka mtu mwingine amshike ila dada yake. "Niambie basi nishikilie," akamwambia, "nione kama kweli unalipwa kwa kazi hiyo." Wakacheka. Akampiga picha. Na katikati ya kifua cha kaka yake, juu ya mishipa ile midogo inayoulisha moyo damu, aliona alama nyeupe tatu, ngumu, kama punje za mchele. Chokaa. Mshipa wenye chokaa namna ile ni mshipa unaoziba, hilo analijua hata mpiga picha wa mwezi mmoja.

Hakusema. Fomu iliuliza saratani imeenea wapi, haikuuliza habari za moyo. Akajiambia, Ghorofani ataiona. Siku ya pili ripoti ikashuka, aya nne ndefu kuhusu tezi, kubwa na ndogo, na chini kabisa mstari mmoja: Moyo: kawaida. Akashusha pumzi. Kama daktari kasema kawaida, yeye ni nani?

Kaka mtu akapewa ile dawa nyekundu. Wanaoijua wanaijua: inaingia mshipani na rangi yake kama sharubati, inaua uvimbe kwelikweli, lakini moyo nao inauchosha. Mizunguko sita. Uvimbe ukayeyuka wote, watu wakafurahi, soda zikafunguliwa. Miezi minne baadaye, asubuhi moja, fundi bomba akainama kibarazani kwake kufunga kamba za viatu aende kazini, na hakuinuka tena.

Mkewe, yaani wifi yake Mama Shikilia, akaamini kwamba saratani ilirudi kimyakimya. Akawaeleza hivyo waliokuja kuzika, na Mama Shikilia akiwa ameketi pembeni yake akamwacha aamini.

Wiki chache baada ya mazishi alimfuata karani anayechapa ripoti. Akamuuliza juujuu, kama mtu anayeuliza saa: ule mstari wa moyo daktari huuandika saa ngapi? Karani akacheka. "Hauandiki, mama. Unakuja wenyewe. Akifungua ripoti mpya kompyuta inamwekea yote: figo kawaida, mifupa kawaida, moyo kawaida. Yeye anabadilisha pale alipoulizwa tu. Tuliiweka ili asichoke."

Tangu siku hiyo nakala ya ripoti ya kaka yake inakaa mfuko wa kulia wa koti lake jeupe, imekunjwa mara nne. Koti likienda kufuliwa, karatasi inahama na kurudi. Na yeye hakai.

Jumanne moja akaletewa Kinyozi.

Kila mtu hapo anamjua Kinyozi, kibanda chake kiko ng'ambo ya geti na amenyoa nusu ya madaktari. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mtu mwembamba, msafi, mwenye maneno. Shingoni upande wa kushoto palikuwa pamevimba mpaka kola ya shati haifungi. Saratani ya tezi, vilevile.

"Mama Shikilia," akasema akipanda kitandani, "leo nami nimeingia mikononi mwako. Usinikate vibaya."

"Mimi sikati, mzee. Mikasi ni yako."

"Alhamisi naanza dawa. Nimeshafunga kibanda. Nimewaambia wateja waache nywele ziote, nikirudi nitalima shamba."

"Dawa gani wamekuambia?"

"Ile nyekundu."

Mama Shikilia akawa anamfunga mkanda. Mikono yake ikasita kidogo kisha ikaendelea. "Una maumivu yoyote mengine? Kifua? Mkono?"

"Mkono huu wa kushoto unaniuma nikitembea kwa haraka, na taya. Lakini hiyo ni mashine ya kunyolea, nimeishika miaka thelathini."

"Mashine unaishika kwa mkono gani?"

Kinyozi akafikiri. "Wa kulia," akasema, na akacheka mwenyewe.

Mama Shikilia hakucheka. Akaenda nyuma ya kioo. Picha ya kwanza hupigwa kabla ya ile dawa ya kung'arisha mishipa, na ndiyo inayoonyesha chokaa bila kuficha. Vuta pumzi. Shikilia. Kipande baada ya kipande, akafika katikati ya kifua. Kaka yake alikuwa na punje tatu. Kinyozi alikuwa na mistari, mirefu, myeupe, imeufuata mshipa mkubwa kama chaki iliyoburutwa ukutani.

"Mama," sauti ya Kinyozi ikaja kwenye spika, imebanwa, "bado nimeshikilia."

"Pumua, baba. Samahani. Pumua."

Akamaliza kazi yake kama inavyotakiwa. Kwenye kisanduku kidogo cha maelezo ya mpiga picha, ambacho watu hukiacha wazi, akaandika: Tafadhali angalia mishipa ya moyo. Akaisoma mara tatu. Akaongeza neno "Daktari" mbele, isije ikaonekana anaamrisha. Akatuma. Siku nzima iliyobaki alikwenda dirishani hata mwenzake wa zamu akamuuliza kama kuna mtu anamdai.

Jumatano saa sita mchana ripoti ikashuka. Tezi za shingo, tezi za kifua, wengu, yote yameelezwa kwa ustadi, Ghorofani si mtu wa mchezo kwenye tezi. Mstari wa mwisho: Moyo: kawaida.

Maelezo yake kwenye kile kisanduku yalikuwa hayajafunguliwa. Akatoka, akapiga simu wodi ya dawa akiwa kwenye korido, mgongo ukutani, na akampata sista mkuu, mwanamke waliyeanza naye kazi mwaka mmoja.

"Dada, yule Kinyozi wa kesho. Amepimwa moyo?"

"Kile kipimo cha mawimbi? Foleni yake wiki tatu, unajua mwenyewe. Sisi utaratibu wetu, picha ikisema moyo uko sawa na mgonjwa halalamiki, tunaanza. Kingine tunafuata baadaye. Uvimbe haungoji foleni."

"Na kama picha haisemi kweli?"

"Umeona kitu?"

"Mimi sisomi."

"Basi dada yangu nizuie dawa kwa karatasi gani? Niliyonayo hapa inasema kawaida. Nipe karatasi nyingine, nitazuia hata sasa hivi."

Alisema kweli, na ukweli wake haukumsaidia mtu. Mama Shikilia alirudisha simu mfukoni, na vidole vikakutana na ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

Kila Jumatano akitoka kazini hupita kwa wifi yake. Ni desturi aliyoianza yeye mwenyewe baada ya msiba, hajakosa hata wiki moja. Huleta mkate, huuliza habari za watoto waliokwisha kuhama, huosha kikombe kisichohitaji kuoshwa. Wifi yake ni fundi cherehani, mwanamke mkubwa wa taratibu, hushona huku akiongea, na anamwangalia juu ya miwani.

"Wifi, kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama mlangoni kama askari. Kaa, unanitia kizunguzungu."

Alikaa ukingoni mwa kochi kwa muda wa kunywa maji nusu glasi, akainuka, akaenda kurekebisha picha ya kaka yake ukutani, ambayo haikuwa imepinda.

"Nilikuwa namwota juzi," wifi akasema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Yuko mzima kabisa, anagombana na koki. Nikamwambia, wewe si ulipona? Akanicheka tu. Ugonjwa ule ni mnafiki, wifi. Unajifanya umeondoka kumbe umejificha."

Mama Shikilia alikuwa amempa mgongo. Alisema, "Ndiyo." Akaaga kabla chai haijachemka. Kibarazani aliruka kile kipandio ambacho kaka yake aliinamia. Huwa anakiruka siku zote, na wifi yake huwa anamwona.

Asubuhi ya Alhamisi alifika kazini saa kumi na mbili na nusu, saa nzima kabla ya zamu. Akawasha kompyuta, akaitoa picha ya Kinyozi, kipande cha katikati ya kifua, akaichapa kwenye filamu kubwa kama zile za zamani. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka yote minne. Akaandika jina la kaka yake kwenye kumbukumbu za mashine. Picha ikaja upesi, kana kwamba ilipigwa jana. Akaichapa nayo. Alikuwa anajisemesha mwenyewe kwa sauti, vuta pumzi, shikilia, mpaka akajisikia na kuona haya.

Akangoja mpaka saa mbili na robo, saa ambayo Ghorofani hufika. Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake. Akapanda ngazi. Ghorofa ya kwanza alijiuliza atasemaje. Ya pili alitaka kurudi, na nisimfiche, aligeuka kabisa na kushuka vipandio vinne. Ataitwa, ataulizwa tangu lini mpiga picha anasahihisha daktari, atapewa barua, huenda akahamishwa. Alifikiria hayo yote. Halafu akafikiria Kinyozi akiinama kufungua kufuli la kibanda. Akapanda.

Ghorofani alikuwa ndiyo kwanza anavua koti. Ana kwa ana alikuwa mtu mdogo kuliko sauti yake ya simu, mvi zimemtoka bila mpangilio, macho mekundu ya mtu anayeishi na skrini.

"Mama," akasema, akistaajabu, "mashine imeharibika?"

"Haijaharibika, daktari. Naomba unisomee picha moja. Dakika moja tu."

"Si uitume kama kawaida?"

"Naomba hii niishike mwenyewe."

Hakuwa na muda wa kubishana, picha sabini zilikuwa zinamngoja. Akaichukua filamu ya juu, akaiweka kwenye kisanduku cha taa. Mama Shikilia hakuwa amepanga ipi itangulie. Wala hakusema ni ya nani, na sehemu yenye jina ilikuwa chini ya kidole chake mwenyewe, kikiwa kimeganda hapo.

Ghorofani hakuhitaji hata dakika. "Huyu ana chokaa mishipa ya moyo. Hapa, hapa, na hapa. Ni mgonjwa wa saratani?"

"Ndiyo."

"Anasubiri dawa ipi?"

"Nyekundu."

"Hapana, asianze. Aonwe na daktari wa moyo kwanza. Apimwe nguvu za moyo, apewe dawa za mishipa, ndipo wenye saratani waamue. Mbona unaniangalia hivyo? Yuko wodini?"

"Alishazikwa, daktari."

Akaondoa kidole. Ghorofani akainama, akasoma jina na tarehe. Mama Shikilia akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua mara nne, akailaza juu ya meza. Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo kiasi cha kutaka kugawanyika. Chini kulikuwa na mstari ule, na chini ya mstari, sahihi ya Ghorofani.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Nani huyu?" akauliza.

"Kaka yangu."

"Nani alipiga picha?"

"Mimi."

"Uliona?"

Hilo swali alilijua. Alikuwa ameliogopa kwa miaka minne, na alikuwa na majibu mengi tayari: si kazi yangu, hukutaka nisome, fomu haikuuliza. Yote yalikuwa kweli.

"Niliona," akasema. "Nikanyamaza. Nikangoja wewe uone."

Ghorofani akavuta kiti lakini hakukikalia. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekanyaga mahali akakuta hapana sakafu.

"Na ya pili?" akauliza kwa sauti ya chini. "Umeshika mbili."

"Ya pili ni ya mgonjwa wa leo. Kinyozi. Uliisoma jana. Anaanza dawa saa mbili na nusu."

Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika ishirini na mbili. Ghorofani akaiweka filamu kwenye taa, akasema neno moja ambalo si la kuandikwa, akashika simu. Ikalia, ikalia. Wodi ya dawa asubuhi haishiki simu, wote wako kwenye mishipa ya watu. Akairudisha.

Hapo ndipo watu wa hospitali ile walipoona kitu cha kusimulia mwaka mzima: Ghorofani anashuka ngazi mbiombio, shati limechomoka upande mmoja, na nyuma yake Mama Shikilia na filamu zake chini ya kwapa, akimweleza maumivu ya mkono na taya ya Kinyozi, viatu vyake vya mpira vikipiga ngazi. Mlinzi wa ghorofa ya kwanza alijibanza ukutani akidhani kuna moto.

Kinyozi alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha tatu karibu na dirisha, sindano mkononi, dripu ya maji inatiririka. Kwenye trei pembeni yake ile nyekundu ilikuwa imelala, na sista mkuu alikuwa anavaa glavu ya pili.

"Sista, acha," Ghorofani akasema, akihema. "Hiyo usiiguse. Ripoti yangu ina kosa. Naandika nyingine sasa hivi."

Sista akamtazama Ghorofani, akamtazama Mama Shikilia, akavua glavu.

Kinyozi hakufurahi hata kidogo. Mtu amejikaza kisabuni wiki mbili, amefunga kibanda, ameaga watu, halafu unamwambia rudi nyumbani. "Nimeketi hapa na roho mkononi," akasema, na sauti ikaanza kumvunjika, "uvimbe unanikaba, na nyinyi mnaniambia kesho? Kosa lenu mimi nilibebe?"

Ghorofani akachuchumaa mbele ya kiti chake. Alimweleza yeye mwenyewe, bila maneno makubwa: mishipa ya moyo wako imeziba kiasi, yale maumivu ya mkono na taya si mashine ya kunyolea, dawa hii tukiitia leo inaweza kuua uvimbe na kukuua na wewe. Leo hii utaonwa na daktari wa moyo, nitampigia mimi, hutapanga foleni. Saratani hatujaiacha. Tunaipangia njia nyingine.

Kinyozi alisikiliza, akajifuta uso kwa kiganja. "Wewe ndiye yule wa juu?"

"Ndiye mimi."

"Sasa nimeelewa kwa nini unajificha. Nani kakunyoa hivyo?"

Sista akacheka kwanza, kisha wote, cheko la watu waliokuwa wameshika pumzi muda mrefu. Ila Mama Shikilia. Yeye alikuwa dirishani, amewapa mgongo, analia.

Alasiri habari zikaja: mishipa miwili imebana sana, moyo umeanza kuchoka. Kinyozi akalazwa, akaanzishiwa dawa za moyo, na madaktari wa saratani wakaketi kumtafutia mchanganyiko usio na ile nyekundu. Atapona? Hakuna aliyemwahidi hivyo. Lakini jioni ile alikuwa kitandani akimlalamikia muuguzi juu ya ndevu za jirani yake.

Ghorofani alimpigia Mama Shikilia kabla ya kufunga kazi. "Ule mstari nimemwambia karani auondoe," akasema. "Kuanzia kesho panapoandikwa moyo patakuwa wazi, nikiacha bila kuandika, ripoti haitoki." Kisha kwenye simu zikasikika hatua zake, anakwenda, anarudi, anakwenda. "Mama, unadhani ni wangapi?"

"Sijui, daktari."

"Naanza kuzirudia za mwaka huu. Nitahitaji mtu wa kukaa nami."

"Nitakuja," akasema. Hakumwambia kwamba kukaa ndiko kulikomshinda.

Mtu angedhani sasa atakwenda kwake akalale. Nami ningependa iwe hivyo, amehangaika vya kutosha. Lakini miguu ikampeleka kwa wifi yake, na siku yenyewe Alhamisi, hakuna mkate mkononi. Jua lilikuwa bado juu. Wifi alikuwa anapinda ukingo wa gauni, akainua macho, akaona uso ule, akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Nani kafa?"

"Hakuna. Wifi, nataka kukuambia kitu. Nikisimama nitatoroka, kwa hiyo nakaa." Akakaa. Akakaa kabisa, mgongo ukagusa kochi. "Saratani haikurudi. Alikuwa amepona. Ulikuwa moyo. Na mimi niliuona siku ile ya picha, kabla hajaanza dawa, nikanyamaza."

Akaieleza yote, punje tatu, fomu, mstari uliokuja wenyewe, Kinyozi. Hakujitetea. Alipomaliza, wifi yake aliinuka, akakusanya vikombe viwili vilivyokuwa mezani, akaenda navyo kwenye karo, akafungua koki aliyoiweka marehemu mwenyewe, akaviosha polepole, akavifuta, akavitundika.

"Miaka minne," akasema, akiwa bado ameelekea ukutani, "nimemlaumu yeye. Nilidhani alijua ugonjwa umerudi akanificha. Nimekuwa nikimgombeza hata ndotoni."

Mama Shikilia akafungua mdomo. Wifi akainua mkono kumzuia.

"Sasa nenda. Usiniambie pole, sitaweza kuipokea leo. Jumatano usije."

"Sawa, wifi."

Akainuka, akafika mlangoni. Safari hii hakukiruka kile kipandio. Alikikanyaga kwa miguu yote miwili, akasimama hapo, asijue aende wapi. Nyuma yake cherehani ilianza tena, ikasimama.

"Jumatano nyingine," wifi akasema. "Hiyo nyingine njoo."